SOMO LA 9: KAMBI KATIKA ARDHI YA KIJIJI

Tuseme asubuhi moja habari zinaenea kwamba dhahabu imeonekana katika ngitili ya kijiji chenu. Jioni turubai la kwanza limefungwa mtini. Baada ya juma moja yapo maturubai mia mbili, vibanda vya mama lishe na makarasha. Miti imekatwa kwa ajili ya matimba. Majani ya ng'ombe yamekanyagwa.

Nani aliruhusu? Mmoja anasema, "Mwenyekiti." Mwingine anasema, "Tulifika kwanza." Je, majibu hayo yanatosha?

1. Ardhi ni ya nani?

Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma. Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Lakini Halmashauri ni kama mchungaji wa ng'ombe wa watu. Anawachunga, hawauzi. Haiwezi kugawa ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukubali. Mkutano Mkuu ni wewe, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi. Mwenyekiti peke yake hawezi.

2. Kuchimba na kukaa ni mambo mawili

Leseni ya kuchimba madini haitolewi na kijiji. Inatolewa na Tume ya Madini. Lakini mwenye leseni hawezi kuingia tu katika shamba lako na kujenga. Anatakiwa kupata ridhaa ya mwenye ardhi. Vilevile, aliyepewa mahali pa kukaa hajapewa haki ya kuchimba. Kwa hiyo, uliza karatasi zote mbili.

3. Tukumbuke Bulyanhulu

Dhahabu ya Bulyanhulu iligunduliwa katika miaka ya 1970. Wachimbaji wadogo walikuja kwa maelfu wakajenga makambi. Mwaka 1994 Serikali iliipa kampuni leseni ya eneo hilo. Wachimbaji walidai kuwa wao walitangulia. Shauri lilifika mahakamani. Mwishoni mwa Julai 1996 waliamriwa kuondoka, na mwezi wa Agosti waliondolewa. Mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Malalamiko yaliendelea kwa miaka mingi.

Hapa hatuamui nani alikuwa na haki. Tunajifunza jambo moja: siku ya ugomvi, asiye na hati ana maneno tu. Ni hivyo kwa mchimbaji, na ni hivyo kwa mwanakijiji.

4. Tufanye nini?

Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo. Mamlaka hayo yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Hatua zake ni hizi:

(a) Mkutano Mkuu unaitwa. Wananchi wanatoa maoni.
(b) Halmashauri ya Kijiji inaandika na kupitisha sheria.
(c) Sheria inapelekwa Halmashauri ya Wilaya. Kwetu ni Msalala.
(d) Wilaya ikiidhinisha, sheria inaanza kazi. Kabla ya hapo msimtoze mtu faini.

Sheria yenu inaweza kusema:

- Kambi isiwekwe katika ngitili, wala karibu na lambo.
- Choo kichimbwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kipindupindu huenea kwa maji machafu.
- Kila mgeni aandikishwe kwa mtendaji wa kijiji.
- Anayelipa ushuru apewe stakabadhi.
- Wanaohama wafukie mashimo.

Ndugu mwanakisomo, wachimbaji si adui. Wananunua mihogo na maziwa yetu, na wamo watoto wetu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria njema humpa mgeni mahali pake na kazi yake. Itungeni kabla turubai la kwanza halijafungwa.

Sasa unajua kusoma. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ambayo hujaisoma.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, mwenyekiti peke yake anaweza kuruhusu kambi? Kwa nini?
2. Leseni ya kuchimba inatolewa na nani?
3. Katika kijiji chenu, kambi inaweza kuwekwa wapi bila madhara?
4. Andika sheria ndogo moja ambayo ungependa kuipeleka katika Mkutano Mkuu.