Mgonjwa Ana Akili Zake: Heshima kama Sehemu ya Tiba

Mwaka 2001 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV) zilikuwa zimekwisha kurefusha maisha ya wagonjwa wengi wa Ulaya na Marekani, ilhali Waafrika wengi walikuwa wakifa bila kuzipata. Bei ilikuwa kikwazo kikubwa, lakini haikuwa kikwazo pekee. Mwaka huo Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alisema hadharani kwamba Waafrika wengi hawajapata kuona saa maishani mwao, na kwa hiyo wasingeweza kumeza dawa kwa nyakati zilizopangwa.

Mzungumzaji wa Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo. Anayemeza kidonge saa moja asubuhi na kingine saa moja usiku ametimiza muda wa saa 12 kamili, hata kama hana saa ya mkononi.

Jibu la kitaalamu lilitoka mwaka 2006. Edward Mills na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA uchambuzi uliounganisha tafiti za Amerika ya Kaskazini na za Afrika Kusini mwa Sahara. Wagonjwa waliofuata dawa ipasavyo walikadiriwa kuwa asilimia 77 Afrika na asilimia 55 Amerika ya Kaskazini. Takwimu hizo hazikutolewa ili watu wajigambe. Zilionyesha kwamba dhana ya ujinga ilitangazwa kabla ya kupimwa.

Kosa hilo si la wageni peke yao. Huonekana pia katika vituo vya afya, pale mhudumu anaposema, "Hawa hawaelewi," kisha akafunga faili. Mfano ni mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza vidonge siku ambazo kichwa kinamuuma tu. Huyo hakosi akili. Amejifunza kutokana na dawa za maumivu kwamba dawa humezwa mtu anapoumwa, na hajaelezwa kuwa shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote huku likiendelea kudhuru moyo, figo na ubongo. Mwingine hukatisha dawa kwa kukosa nauli ya kurudi kliniki, kwa kukosa chakula, au kwa kuogopa kuonekana na jirani. Kumkaripia hakuondoi hata sababu moja kati ya hizo. Humfundisha tu kusema, "Nimemeza zote," na daktari akiamini humwongezea dozi asiyoihitaji.

Kwa hiyo, heshima ni chombo cha uchunguzi. Mhudumu anaweza kuitumia kwa hatua tatu:

1. Amsalimu mgonjwa kwa namna inayostahili umri wake, kisha aulize: "Watu wengi hupata shida kumeza dawa kila siku. Kwako shida iko wapi?" Swali hili huruhusu ukweli kusemwa bila aibu.

2. Aeleze sababu pamoja na amri. Anayejua kwa nini dawa humezwa hata siku ya nafuu ana jambo la kushika.

3. Aepuke kuuliza, "Umeelewa?", kwa maana wengi hujibu "ndiyo" kwa adabu tu. Aseme: "Mama, nimeeleza mengi kwa haraka. Tafadhali niambie utakavyozimeza nyumbani, nione kama nimeeleza vizuri." Maelezo yakipungua, anayerekebishwa ni mweleza.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Ana haki ya kuuliza jina la dawa yake, kazi yake na muda wa kuitumia, na kuomba arudiwe maelezo. Aseme pia bila kuficha ni dozi ngapi zimempita na kwa sababu gani, kwa kuwa uamuzi wa kubadili dawa hutegemea jibu hilo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na methali hiyo inawahusu wote wawili, aliyeketi mbele ya meza na aliyeketi nyuma yake.