Vanishi ya Kuta za Paini

Ndugu wafanyakazi, tukishapiga mbao za paini ukutani ndani ya nyumba, tupake nini ili mbao izidi kuonekana?

Vanishi ya mafuta ni ngumu, lakini hugeuka manjano mwaka hadi mwaka. Tena msimamizi akiamuru madirisha yafungwe vumbi lisiingie, fundi ndiye anayevuta mvuke wake. Ukuta haukanyagwi, ugumu wote huo wa nini? Sisi twachagua vanishi ya maji. Hukauka upesi, harufu yake si kali. Mkono wa kwanza huinua nyuzi za mbao, basi piga msasa laini kabla ya mkono wa pili. Paini yenyewe itaiva rangi kwa mwanga, hilo halizuiliki.

Anayetumia mafuta ya kitani asirundike matambara yake: huweza kuwaka moto yenyewe. Yatandazwe nje, moja moja, yakauke.