NIKON: KAMERA MPYA ZILIVYOFICHUA MIPANGO YA KAMPUNI

Kamera mpya inapotoka, mnunuzi wa kawaida huuliza bei na ubora wa picha. Mwenye kutaka hisa za kampuni iliyoitengeneza hana budi kuanzia pengine: pale lenzi inapofungwa.

Tarehe 23 Agosti 2018, kampuni ya Nikon ya Japani ilitangaza kamera mbili, Z7 na Z6. Kihisi chake, yaani sehemu inayopokea taswira, kilikuwa kikubwa, takriban milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya zamani. Kwa umbo zilikuwa mapacha, lakini Marekani Z7 iliuzwa takriban dola 3,400 na Z6 dola 2,000.

Habari kubwa haikuwa bei. Tangu 1959 Nikon ilishikilia mdomo mmoja wa kufungia lenzi, uitwao F, na wapiga picha walikuwa wamelimbikiza lenzi za mdomo huo kwa miaka mingi. Kamera hizi mpya, zisizo na kioo ndani, zilikuja na mdomo mwingine, Z, wenye upana wa milimita 55.

Kamera huweza kuachwa wakati wowote. Nikon iliziacha kamera zake ndogo za Nikon 1 mwaka huo huo. Mdomo mpya ni jambo jingine, kwani unadai lenzi mpya kwa miaka mingi. Ndiyo maana orodha ya lenzi zilizokusudiwa hadi 2021, iliyotolewa pamoja na kamera hizo, ilistahili kusomwa kuliko tangazo lenyewe. Ndani yake ilikuwamo Noct, ambayo mwaka 2019 iliingia sokoni kwa takriban dola 8,000. Hiyo si bidhaa ya kugombea wateja na simu za mkononi.

Simu zilikwisha kulila soko la chini. Mwaka 2010 viwanda viliuza kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani. 2018 hazikufika milioni 20. Nikon ilichagua kuuza chache kwa bei kubwa, na ilichelewa: Sony ilikuwa katika uwanja huo tangu 2013, na Canon ilitangaza EOS R yake tarehe 5 Septemba 2018.

Dalili njema, hata hivyo, si gawio. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 Nikon ilipata hasara ya zaidi ya yen bilioni 34, na mwaka uliofuata ndipo idara ya kamera iliporudi kwenye faida. Tena mwenye hisa za Nikon hamiliki biashara ya kamera peke yake. Kampuni hutengeneza pia mitambo inayotumiwa na viwanda vya chipu za kompyuta, na soko la mitambo hiyo lina misimu yake.

Wauzaji wa vifaa nao waliguswa. Nikon ilitoa kiungo cha FTZ cha kufungia lenzi za F kwenye kamera mpya, lakini lenzi za zamani zisizo na mota ndani hazikuweza kujilenga zenyewe kwa kiungo hicho. Duka lililojaza rafu kwa lenzi hizo lilibaki na mzigo wa kuwauzia wenye kamera za zamani.

Aprili 2024 Nikon ilikamilisha ununuzi wa RED, kampuni ya Marekani ya kamera za sinema. Februari 2025 kamera mbili za RED zilitangazwa zikiwa na mdomo wa Z.