Neva huuambiaje moyo uende mbio?

Swali: Daktari, nikishtuka moyo hudunda kabla sijafikiri lolote. Nani huuamrisha?

Jibu: Ni neva zinazojiendesha zenyewe. Hazijaungana na misuli ya moyo. Ncha zake zina vifundo vidogo kama shanga, vinavyomwaga kemikali hadi kwenye vipokezi vya seli. Noradrenalini huharakisha mapigo, asetilikolini huyapunguza.

Mwanasayansi Otto Loewi alithibitisha mwaka 1921 huko Graz, Austria, kwamba neva huuamrisha moyo kwa kemikali. Aliichochea neva ya moyo wa chura hadi mapigo yakapungua, kisha akayahamishia maji ya chumvi yaliyokuwa ndani yake kwenye moyo mwingine. Nao ukapunguza mapigo, bila neva yake kuguswa! Jaribio zuri ajabu.

Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi, huziba vipokezi vya noradrenalini. Usiziache ghafla bila kumwona daktari.