Ubongo Hulindwa Tangu Utotoni: Neno kwa Wakazi wa Busia na Malaba

Wengi wetu huanza kuufikiria ubongo mzazi anapoanza kusahau majina ya wajukuu. Wakati huo madhara mengi yameshatokea. Jopo la wataalamu wa jarida la tiba la The Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangedhibitiwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, ulevi, majeraha ya kichwa, upweke na kutosikia vizuri.

Hapa mpakani na Uganda, lakini, naanza na nguruwe. Kaunti ya Busia ina wafugaji wadogo wengi, na baadhi yao huwaacha nguruwe wazurure. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, vifuko vya minyoo huota katika nyama yake, na mlaji wa nyama isiyoiva hupata tegu tumboni. Kinachofika ubongoni ni mayai ya tegu huyo. Hutoka na kinyesi, yakashika mikononi, kwenye mboga au majini, na anayeyameza huweza kuota vifuko ndani ya ubongo. Ndiyo maana hata asiyegusa nyama ya nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba penye tegu wengi, ugonjwa huu wa vifuko ubongoni huhusika na takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa.

Inaniuma kusikia kifafa kikiitwa uchawi na mtoto akitolewa shuleni. Fungia nguruwe zizini. Kila boma liwe na choo, na sabuni ikae karibu nacho. Nunua nyama iliyokaguliwa, uipike mpaka katikati isibaki na uwekundu. Sukuma wiki na matunda yaoshwe kwa maji safi.

Jambo la pili ni kichwa chenyewe. Boda boda ilizaliwa kwenye mpaka huu huu, enzi za baiskeli zilizovusha abiria, na sasa pikipiki zimejaa barabarani. Helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, mradi kamba yake imefungwa kidevuni. Abiria naye adai yake kabla ya kupanda.

Presha haina dalili kwa wengi, nayo huharibu mishipa ya ubongo kimyakimya na kuleta kiharusi. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Mmoja wao akipita kwako, mwombe akupime. Kipimo kikifika 140/90 zaidi ya siku moja, nenda zahanati. Madereva wa malori mnaokesha kwenye foleni ya Malaba, miraa haichukui nafasi ya usingizi. Tafuteni saa saba za kulala kila mnapoweza.

Wazee nao wasiachwe peke yao. Waketi na wenzao wacheze ajua, na wajukuu wazungumze nao Kikhayo, Kisamia au Kiteso.

Mwisho, kwa mwenye kifafa: usinunue dawa ya tegu dukani, upande huu wala ule wa Uganda, kabla daktari hajakupima. Dawa inaposhambulia vifuko vilivyo ubongoni, uvimbe huweza kuongezeka na kuleta degedege kali.