Uko kwa chama zaidi ya kimoja? Jua mchango wako unaandikwa wapi

Ukambani, kusaidiana kwa vikundi hakukuanza na simu. Mwethya ilichimba matuta ya mashamba zamani kabla ya mtu yeyote kutuma pesa kwa laini. Leo, Kitui na Makueni, ni kawaida mtu mmoja kuwa kwa vikundi viwili au vitatu. Na hapo ndipo hesabu huanza kuchanganyika.

Tuchukue mfano

Mama anauza nguo soko la Kibwezi, lakini kwao ni Mutomo, ng'ambo ya Mto Athi. Sokoni ana chama cha shilingi 200 kwa wiki. Nyumbani ana kikundi cha ndengu cha 500 kwa mwezi, na kingine cha kusaidiana wakati wa mazishi. Vyote vitatu vinapokea michango kwa nambari moja ya biashara.

Leo ametuma 500. Mfumo unaona aliyetuma tu. Hiyo pesa ni ya ndengu, au amelipa madeni ya sokoni? Ikiandikwa pasipo pake, ataonekana hajalipa. Atatozwa faini, au anyimwe mkopo wa mbegu wakati mvua ya Oktoba imekaribia.

Kwa nini daftari moja halitoshi

Tukiandika vikundi kwenye ukurasa wa kila mtu, kujua wanachama wote wa ndengu kutatulazimu kufungua kurasa zote. Tukiandika watu kwenye ukurasa wa kila kikundi, mama huyu ataandikwa mara tatu. Akibadilisha laini, pengine itarekebishwa pawili na pa tatu pasahaulike.

Kwa hivyo programu nzuri huwa na madaftari matatu:

1. Wanachama: kila mtu anaandikwa mara moja.
2. Vikundi: kila kikundi kinaandikwa mara moja.
3. Uanachama: mstari mmoja kwa kila mtu ndani ya kila kikundi. Mama wetu ana mistari mitatu.

Siri iko kwa daftari la tatu. Hapo ndipo tarehe ya kujiunga, cheo na hisa hukaa, kwa sababu mtu anaweza kuwa mweka hazina Kibwezi na mwanachama wa kawaida Mutomo. Kama kuna kijana anaundia chama chenu programu kwa Django, mwambie hivi: Django inaweza kutengeneza daftari hilo yenyewe, lakini itaandika tu nani yuko kikundi gani. Akitaka tarehe, cheo na hisa, lazima alieleze mwenyewe.

Michango nayo ina daftari lake. Kila malipo huelekezwa kwa mstari wa uanachama. Yakielekezwa kwa jina la mtu peke yake, hakuna atakayejua ni ya kikundi gani.

Wewe ufanye nini?

- Uliza mweka hazina nambari yako ya uanachama kwa kila kikundi. Kwa mfano, ND014 inaweza kuwa kikundi cha ndengu, mwanachama wa 14.
- Ukilipa bili, weka nambari hiyo kwenye sehemu ya akaunti, hata kama umetumia simu ya mtoto au jirani.
- Vikundi viwili, malipo mawili. Usitume 700 kwa mpigo ukitegemea watagawa wenyewe.
- Soma nambari ya akaunti tena kabla ya kuweka PIN.
- Ukikosea kikundi, usikimbilie kulipa mara ya pili. Mpe mweka hazina nambari ya muamala ili malipo yahamishiwe mstari unaofaa. PIN yako usimpe, hata akikuomba.

Kikao kijacho, omba uonyeshwe mistari yako yote. Kama uko kwa vikundi vitatu na unaona mstari mmoja tu, uliza mapema, kabla siku ya kugawana pesa haijafika.