Somo la Usalama wa Maji: Kuelea Kwanza, Mbio Baadaye

Mvua ndefu zikiisha, matimbo ya mawe yaliyoachwa kati ya Thika, Juja na Ruiru hubaki yamejaa maji. Ukiyatazama kutoka juu, maji hayo yametulia kama ya kidimbwi cha kuogelea, na shule zikifungwa watoto huvutiwa nayo. Lakini timbo halina upande wa maji mafupi. Kuta zake zimekatwa wima. Hatua moja humtoa mtoto kwenye maji ya magoti na kumtia kwenye maji yanayomzidi kimo, na hata anayejua kuogelea huenda akakosa pa kushika ili atoke.

Somo hili ni la wakazi wa Kamenu na wadi jirani: wazazi, walezi, walimu na vijana.

1. Hatari iko wapi

Nyumbani: Mtoto mchanga anaweza kuzama katika maji yanayofunika pua na mdomo tu. Akiinama kwenye ndoo, kichwa chake kizito humvuta chini na hawezi kujiinua. Ndoo na karai zimwagwe baada ya kufua. Tangi na kisima viwe na kifuniko kizito.

Mtoni: Mito ya Chania na Thika hutoka milima ya Aberdare na kukutana karibu na Blue Posts. Mvua ikinyesha milimani, mto huweza kufura mjini hata kama Thika kuna jua. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kubeba majani na vijiti, kila mtu atoke mara moja.

Wengi hudhani anayezama hupiga mayowe. Mara nyingi huwa kimya, kwa sababu nguvu zake zote zinatafuta pumzi. Kichwa hulala nyuma, mdomo huwa sawa na maji, na mikono husukuma maji chini badala ya kupunga. Kwa hivyo mtoto mdogo akiwa majini, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, simu ikiwa mfukoni.

2. Mpangilio wa mafunzo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Moja ya njia linazopendekeza ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea. Nchini Bangladesh, watoto wa vijijini walifundishwa mambo matatu: kuogelea mita 25, kuelea sekunde 30, na kumwokoa mwenzao bila kuingia majini. Vifo vya kuzama vilipungua sana miongoni mwa waliofunzwa.

Mafunzo yafanyike kwenye kidimbwi chenye mwalimu na mwokoaji, wala si mtoni wala timboni. Hatua ni hizi:

- Kutia uso majini na kutoa pumzi kwa mapovu.
- Kuelea chali: masikio ndani ya maji, kidevu juu, tumbo limeinuliwa, pumzi za polepole.
- Kugeuka kutoka kifudifudi hadi chali bila msaada.
- Kurudi ukingoni na kujitoa.
- Mitindo ya kuogelea na mwendo wa mita 25.

Anayejua kuelea hupata muda wa kupumua na kuita. Mtu mzima naye hajachelewa. Afuate hatua zizo hizo, akianzia kwenye maji ya kiunoni. Hakuna aibu.

3. Mwingine akizama

Mara nyingi msiba wa mmoja huwa wa wawili, kwa kuwa anayezama humkumbatia na kumzamisha anayemrukia. Asiyefunzwa uokoaji asiingie majini. Badala yake:

- Aite watu kwa sauti, na mmoja apige simu 999 au 112.
- Alale kifudifudi ukingoni na kunyoosha fimbo, tawi au leso.
- Akiwa mbali, amtupie mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko. Huo huelea.

Akitolewa hapumui, asibinuliwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe nyuma kidogo, apuliziwe pumzi 5. Asipoanza kupumua, kifua kibonyezwe katikati mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha apewe pumzi 2. Mzunguko huo urudiwe hadi msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitalini, kwani mapafu yanaweza kuwa yameathirika.

4. Maswali ya kujadili nyumbani

- Maji yaliyo wazi karibu nasi ni yapi, na nani ana jukumu la kuyafunika au kuyazungushia ua?
- Watoto wanapoenda kucheza, wanapitia wapi?
- Nani katika nyumba hii anaweza kuelea chali kwa sekunde 30?
- Mtungi na kamba viko wapi, na kila mtu anajua?

Maswali haya yajibiwe kabla ya shule kufungwa. Jibu la swali la tatu likiwa "hakuna", familia ianzie hapo.